Rasimu: Istilahi Inayokosekana Katika Somo la Insha

Fikra ya kwamba mtoto afundishwe namna ya kuandika, badala ya kupewa kichwa cha insha na kungojewa amalize, ilipata nguvu Marekani miaka ya 1970. Mwaka 1971 Janet Emig alitoa utafiti wake juu ya wanafunzi wa sekondari waliotunga huku wakitamka wanachowaza. Mwaka uliofuata Donald Murray aliwataka walimu wafundishe kazi yenyewe ya kuandika, si zao lake tu. Na katika kitabu cha 1983 Donald Graves akaonyesha kwamba hata watoto wa madarasa ya chini huweza kuyarudia maandishi yao na kuyabadili. Kwa Kiswahili mbinu hii huitwa mkabala wa mchakato au, kwa wepesi, uandishi wa hatua kwa hatua. Majina yote mawili yanaeleweka, ila yanaeleweka vibaya.

Mchakato unatokana na kuchakata, na tunavyovichakata tunavijua: mkonge, samaki, data. Malighafi huingia upande huu, bidhaa hutoka upande ule, basi. Hatua nazo husonga mbele tu. Mwalimu akiyafuata majina haya kama yalivyo, ataweka kupanga Jumatatu, kuandika Jumanne, kusahihisha Jumatano, na mtoto atakayepata wazo bora Jumatano atakuwa amechelewa. Linda Flower na John Hayes waliupinga mpangilio huo mwaka 1981: kupanga, kuandika na kukagua hupishana muda wote. Mtoto aliyeanza kueleza Sikukuu ya Idi tangu alfajiri anaweza kugundua, katika sentensi ya tano, kwamba habari yenyewe ni viatu vipya vilivyombana. Hapo ndipo insha inapoanza, na sentensi nne za mwanzo hazina budi kuondoka.

Neno la kuliruhusu jambo hilo tunalo: rasimu. Watanzania walisoma rasimu ya kwanza ya Katiba Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huohuo, baada ya maoni ya mabaraza ya katiba. Wakenya nao walibishana juu ya rasimu ya katiba yao ya 2004, iliyoitwa Rasimu ya Bomas. Hakuna aliyedhani kwamba rasimu ni kitu kilichokwisha. Darasani, kinyume chake, neno linalotawala ni kusahihisha, nalo limebebeshwa kazi mbili: kurekebisha makosa na kuandika upya. Mtoto akiambiwa asahihishe, atarudisha herufi iliyoanguka na kuongeza nukta. Hatathubutu kuifumua aya na kuisuka upya. Ndiyo maana napendekeza tuseme uandishi wa rasimu, na kusahihisha tukuachie tahajia na alama.

Watakaosema kwamba mtihani hauna nafasi ya rasimu ya pili wana hoja nyepesi: mtihani hupima, haufundishi. Wingi wa wanafunzi ni hoja nzito zaidi, lakini si lazima mwalimu asome kila rasimu, wala insha nzima iandikwe tena. Aya moja yatosha, na wanafunzi wanaweza kusomeana wawili wawili. Pingamizi kubwa alilitoa Lisa Delpit mwaka 1986: watoto ambao shule haitumii lugha ya nyumbani kwao huumia mwalimu anapowaachia wagundue kanuni wenyewe. Kwetu, ambako Kiswahili ni lugha ya pili kwa watoto wengi, onyo hilo lina uzito. Takwimu nazo zinaliunga mkono. Steve Graham na Dolores Perin, walipounganisha tafiti za darasa la 4 hadi la 12 mwaka 2007, walikuta mkabala wa mchakato una athari ya 0.32 kwa kipimo cha kitakwimu cha ukubwa wa athari, ilhali kufundisha waziwazi mikakati ya kupanga na kuboresha kulifikia 0.82. Lakini mikakati hiyo itafundishwa wapi, kama mtoto hana andiko ambalo bado linaruhusiwa kubadilika? Kati ya rasimu ya kwanza na ya pili mwalimu hupata nafasi ya kufundisha kanuni moja, iwe mgawanyo wa aya au usemi halisi, na mwanafunzi akaitumia papo hapo katika maneno yake mwenyewe. Waandaaji wa miongozo ya walimu na waigawe kazi ya insha katika rasimu ya kwanza na ya pili, na maksi zitolewe kwa ile ya pili.