Mikanda Myembamba Iliyoingiza Sinema Sebuleni

South End ni upande wa kusini wa jiji la Louisville, Kentucky. Huku kuna uwanja wa mbio za farasi wa Churchill Downs, kule kuna bustani ya Iroquois na kilima chake chenye msitu, na katikati zimepangana nyumba ndogo za watu wa kazi. Siku hizi kwenye barabara ya Southside utasikia Kiswahili cha Wakongo, na cha Wasomali Wabantu waliopitia kambi za Kenya. Mzee wa Kimarekani akifariki na watoto wake wakaamua kuuza vyombo vya nyumba, si ajabu kukuta chini ya meza boksi la rili ndogo za filamu, kila moja ndani ya kopo lake la bati au la plastiki. Wanunuzi wengi huzipita wakikimbilia sofa na friji. Rili hizo zina historia ndefu, na sisi tunaozungumza Kiswahili tumo ndani yake zaidi ya tunavyodhani.

Historia hiyo inaanza na hofu ya moto. Filamu za mwanzo, zenye upana wa milimita 35, zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kikishawaka hakizimiki hata ukikitumbukiza majini. Taa za projekta nazo zilikuwa hatari. Tarehe 4 Mei 1897, mjini Paris, moto ulioanzia kwenye taa ya etha ya projekta uliteketeza jengo la Bazar de la Charité, palipokuwa na soko la kuchangia maskini, na watu zaidi ya 120 wakafa. Majumba ya sinema yalijifunza kuifungia projekta katika chumba cha peke yake chenye kuta zisizopitisha moto. Nyumba ya kawaida haina chumba hicho.

Jibu lilitoka Rochester, mji wa Marekani ulio mwendo wa kilomita 120 hivi mashariki ya Buffalo, yalipo makao ya kampuni ya Kodak. Mwaka 1923 Kodak ilitoa mkanda wa milimita 16 uliotengenezwa kwa aseteti, ambayo haiwaki kwa urahisi. Upana huo ulichaguliwa kwa akili. Ungekuwa milimita 17.5, mjanja mmoja angepasua mkanda wa nitrati wa 35 katikati na kuwauzia watu nusu zake, na moto ungeingia majumbani kwa mlango wa nyuma. Seti nzima ya kamera, projekta, kitambaa cha kuonyeshea na vifaa vyake iliuzwa dola 335, kwa hiyo wateja wa kwanza walikuwa watu wenye nafasi.

Wafaransa walikuwa wametangulia kidogo. Mwishoni mwa 1922 Pathé walileta projekta ndogo ya Pathé-Baby, yenye mkanda wa milimita 9.5 ambao tundu lake liko katikati, baina ya picha na picha. Pembeni mwa mkanda walikata pengo dogo mahali penye maandishi. Projekta ikilifikia pengo hilo husimamisha picha kwa muda, msomaji akasoma, kisha mkanda ukaendelea. Maneno ambayo yangekula mita nzima ya filamu yakatosha kwenye picha moja au mbili. Katika vifaa vyote vya sinema ya nyumbani sijaona kitu cha busara kuliko hicho.

Mwaka 1932, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, Kodak ilitoa mkanda wa milimita 8, ambao kwa kweli ulikuwa na upana ule ule wa 16. Mpigaji aliupitisha kwenye kamera mara mbili, kila safari upande mmoja, na maabara ikaupasua katikati na kuunganisha vipande viwili. Hapo ndipo karani na fundi gari walipoanza kumudu. Super 8 ilifuata mwaka 1965. Matundu yake ni madogo zaidi, hivyo picha ilipata nafasi ya kutanuka, na filamu ilikuja ndani ya kaseti iliyochomekwa tu kwenye kamera.

Wengine walipiga picha za harusi na siku za kuzaliwa, wengine wakataka sinema kamili. Kodak ilifungua maktaba ya kukodisha filamu za milimita 16 mwaka 1925. Mwaka 1937 Eugene Castle alianza kuuza filamu fupi za habari, na miongoni mwa za kwanza ilikuwa ile ya kuungua kwa meli ya angani ya Hindenburg. Huko Davenport, Iowa, Kent Eastin aliendesha Blackhawk Films, iliyouza kwa posta nakala za sinema za wachekeshaji Laurel na Hardy na nyingine za zamani, zikisafirishwa hadi vijiji ambavyo havikuwa na jumba la sinema. Nyingi kati ya filamu za kuuzwa kwa umma zilikuwa muhtasari. Sinema ya saa moja na nusu ilikatwa ikaingia kwenye rili ya Super 8 ya futi 200, ambayo kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde huisha baada ya dakika kumi. Mwenye uwezo alinunua sinema nzima, na hiyo ya dakika 90 ilihitaji rili tano za futi 400.

Asiyewahi kuendesha projekta hawezi kujua kwa nini watu wanaipenda kazi hii hadi leo. Unakata ncha ya mkanda vizuri, unaupitisha kwenye meno ya gurudumu la juu, unauachia mkunjo mdogo kabla ya lango la taa na mwingine baada yake. Mikunjo hiyo ndiyo roho ya mashine. Langoni mkanda huenda kwa kushtukashtuka, picha moja moja, ilhali rili zinazunguka bila kusita, na mkunjo ndio unaopatanisha miendo hiyo miwili. Ukipotea, picha inarukaruka ukutani na matundu yanaanza kupasuka. Mkanda ukikwama mbele ya taa kali, utaona doa la kahawia likitanuka katikati ya uso wa mtu. Kwa hiyo mwonyeshaji hakai mbali, mkono wake uko karibu na swichi muda wote.

Mikanda hiyo midogo, iliyoonekana kama ya kuchezea, ndiyo iliyookoa sehemu ya sinema yenyewe. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti wa David Pierce kuhusu filamu ndefu za kimya za Marekani. Kati ya 10,919 zilizotengenezwa, zilizobaki kamili katika umbo lake la kwanza ni asilimia 14 tu. Asilimia 11 nyingine zipo kamili, lakini kama matoleo ya nchi za nje au nakala za mikanda midogo, 16 ikiwemo. Mwaka 2008, katika jumba la makumbusho la sinema la Buenos Aires, zilitambuliwa dakika kama 25 za filamu ya Kijerumani Metropolis zilizodhaniwa zimepotea kabisa. Zilikuwa kwenye mkanda wa milimita 16, ulionakiliwa kutoka kwenye nakala iliyowahi kuwa mali ya mkusanyaji binafsi. Mikwaruzo imejaa, lakini ipo.

Buffalo na Louisville nazo zina fungu lao katika uokoaji huo. Kabla ya 1912 sheria ya Marekani haikutambua filamu kama kitu cha kusajiliwa haki miliki, basi watengenezaji walichapa sinema nzima kwenye karatasi na kuiwasilisha kama picha za kawaida. Nitrati ikaoza, karatasi zikabaki Washington. Katika miaka ya 1950 Kemp Niver alianza kuzipiga picha upya moja moja kwenye mkanda wa milimita 16, kazi iliyompa tuzo ya heshima ya Oscar. Ndiyo maana tunaweza kuona taa za maonyesho makubwa ya Buffalo ya 1901 zilizorekodiwa na watu wa Edison, na filamu fupi za mwanzo za D. W. Griffith, aliyezaliwa jirani na Louisville mwaka 1875. Griffith huyo ndiye aliyetengeneza The Birth of a Nation mwaka 1915, filamu ya chuki dhidi ya watu weusi iliyolipa uhai mpya kundi la Ku Klux Klan. Kutunza si kusifu. Ushahidi wa uovu nao unahitaji kopo lake.

Biashara ya nakala za nyumbani ilipata pigo kutoka pande mbili. Kumiliki nakala hakukuwa sawa na kumiliki haki ya kuionyesha hadharani, na studio ziliwatazama wakusanyaji kama wezi. Mwishoni mwa 1974 FBI walivamia nyumba ya mwigizaji Roddy McDowall na kuchukua mkusanyiko wake. Kisha ikaja video: Betamax mwaka 1975, VHS mwaka uliofuata. Waliobaki walikuwa wenye mapenzi kwelikweli. Derann, duka la Dudley nchini Uingereza, liliendelea kutoa nakala mpya za Super 8 hadi lilipofungwa mwaka 2011. Mwanzoni mwa 2012 Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, lakini ikanusurika, na mwaka 2018 ikarudisha sokoni filamu yake ya rangi ya Ektachrome.

Nakala mpya ina faida inayoonekana kwa macho. Nakala nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zimegeuka waridi, bahari na nyasi zote zikiwa na rangi ya ufizi. Aseteti nayo huoza na kutoa harufu ya siki, na kopo moja lenye harufu hiyo huambukiza majirani zake. Nakala inayochapwa leo huchapwa kwenye poliesta, ambayo haina ugonjwa huo na ikitunzwa mahali pakavu na baridi yaweza kudumu mamia ya miaka.

Na sisi? Mwaka 1935, Vugiri, katika milima ya Usambara, kilianzishwa kituo cha kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Fedha zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na wasimamizi walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walichagua milimita 16 kwa kuwa ni nyepesi, rahisi na haiwaki upesi, ikapakiwa kwenye lori pamoja na jenereta na kupelekwa vijijini. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anazika fedha zake ardhini zinaibiwa, mwenzake anaziweka posta zinasalimika. Ulikuwa mradi wa kikoloni, wenye dharau ya kikoloni kuhusu kile ambacho Mwafrika angeweza kukielewa. Hata hivyo nyuso zilizo mbele ya kamera ni za babu na bibi zetu, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za maelezo yake.

Sauti haikuwa kwenye mkanda, ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Mkanda ukikatika na kuungwa, picha chache zikapotea, maneno yalianza kuachana na picha. Hivyo kila filamu ilihitaji vitu viwili visalimike pamoja, na kimoja chake kilikuwa kitu cha kuvunjika.

Katika zile 35, zinazojulikana kubaki ni tatu, na zinatunzwa Uingereza. Moja inahusu mafunzo ya matibabu ya mifugo, moja inahusu minyoo ya safura, na moja inahusu mpango wa mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Filamu hizo hazikuuzwa kwa mtu yeyote aende nazo kwake. Laurel na Hardy walikuwa kwenye makabati ya maelfu ya nyumba, na wakipotea huku walipatikana kule. Filamu za Vugiri zilikuwa za mradi, na mradi ulipokwisha zilikosa mwenyewe.

Ningependa filamu ya Kingolwira ichapwe upya kwa milimita 16, kwenye poliesta. Nakala moja ikae Morogoro, na nyingine ije kwenye moja ya nyumba za South End ambako Kiswahili ndicho kinachozungumzwa mezani, ipitishwe kwenye projekta, na wazee waulizwe wanawaona nani.