Ubao na Mwenye Chaki

Wengi wetu tukitaja kompyuta huwa tunakusudia kile kioo tunachokitazama. Kumbe kioo ni kitu kimoja, na kompyuta ni kitu kingine.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Mlango wetu ukiwa umefungwa, huko ng'ambo zilienea teminali, yaani vioo vyenye vibonye vilivyounganishwa na kompyuta kwa waya. Mashuhuri ni VT100 ya kampuni ya Digital ya Marekani, iliyotoka mwaka 1978. Kioo chake kilichukua mistari 24, na kila mstari herufi 80, hesabu iliyorithiwa kutoka kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928.

Teminali ilikuwa mfano wa ubao wa darasani. Ulipobonyeza A, kilichosafiri katika waya ni namba 65. Kompyuta, pengine iliyo jengo jingine, iliipokea na kwa kawaida kuirudisha. Ndipo A ikaonekana. Waya ukikatika, utabonyeza hadi uchoke. Kompyuta nayo iliutawala ubao kwa namba 27, yenye maana kwamba yanayofuata si maandishi bali ni amri. Ikifuatwa na alama [2J, kioo chote kilifutika.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Ushongo? Yanatuhusu sana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na kwetu mwaka 2008. Mvuvi anayebonyeza *150*00# ufukweni ameigeuza simu yake teminali: inapeleka namba, inangoja, inaonyesha jibu. Fedha zake hazimo ndani ya simu. Zimeandikwa katika kompyuta iliyo mbali. Kompyuta za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015.

Leo ubao umeingia karibu kila nyumba, na hakuna marufuku itakayoutoa. Lililobaki ni kujua nani ameshika chaki. Mtoto aliyefundishwa kubonyeza tu atasoma daima yaliyoandikwa na wengine, na siku wakiamua kufuta, atatazama. Sisi walimu twajua kwamba kusoma bila kuandika ni nusu ya elimu. Basi tuwafundishe watoto kutunga amri zenyewe, hata kama kijiji kizima kina kompyuta moja.