Mwangwi Uliochambuliwa: Historia ya Kuchelewesha Sauti na Lugha za Karatu na Ngorongoro

Masimulizi yaliyoenea sana katika nyanda za Ngorongoro yasema kwamba jina la mahali pale asili yake ni mlio. Hapo kale alikuwako Mmasai mhunzi aliyefua kengele za ng'ombe ndani ya bonde lile la volkano, na mlio wa kengele zake, ngoro, ngoro, ukashika mahali pale hata leo. Yawe masimulizi haya ni ya kale au ya juzi, yafaa kuwa mlango wa habari ifuatayo, kwa kuwa yana mambo mawili ndani yake: sauti iliyorudiwa, na neno lililozaliwa na sauti hiyo. Habari yenyewe ni historia ya ufundi wa kuchelewesha sauti, tangu mwangwi wa mlimani hata programu za kompyuta zitumiwazo siku hizi na watengeneza muziki. Ufundi wa mwisho katika mfululizo huo hauendelezi tu kazi ya mwangwi, bali huigeuza. Na mgeuko huo wawahusu sana wachunguzi wa lugha, hasa lugha zisemwazo Karatu na Ngorongoro.

Yafaa kuanza na mwangwi wenyewe. Sauti husafiri hewani mita 340 hivi kwa kila sekunde. Mchungaji aitaye akiwa mita 170 mbele ya jabali hupata jibu lake baada ya sekunde moja, maana sauti imekwenda mita 170 na kurudi mita 170. Akisogea mbele, jibu huja upesi zaidi. Akirudi nyuma, huchelewa. Katika safari hiyo hewa humeza sauti nyembamba upesi kuliko sauti nene, na kwa sababu hiyo mwangwi wa mbali husikika kama uliopoteza makali. Lakini sauti zote, nene na nyembamba, huenda kwa mwendo mmoja. Neno hurudi limefifia, wala halikuvunjika: kila irabu huja pamoja na konsonanti yake, nayo kila silabi hukaa mahali pake. Hii ndiyo sifa kuu ya mwangwi wa asili, na haina budi kukumbukwa katika yote yafuatayo.

Kengele ya mhunzi yafundisha jambo la pili. Ikigongwa hutoa sauti nyingi kwa mara moja, ingawa sikio hudhani ni moja. Zile nyembamba hufa kwanza, na zile nene hubaki zikivuma. Hivyo ndani ya mlio mmoja mna sauti nyingi, na kila moja ina maisha yake. Jambo hili mafundi wa vyuma walilijua kwa masikio yao zamani kabla wataalamu wa hesabu hawajaliandika.

Mtaalamu wa hesabu aliyeliweka katika kanuni ni Joseph Fourier, Mfaransa, ambaye mwaka 1822 alitoa kitabu juu ya mwenendo wa joto. Ndani yake alionyesha kwamba mwendo wenye umbo la kutatanisha waweza kuhesabiwa kuwa jumla ya mawimbi sahili. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya wanamuziki. Hata hivyo yote yaliyofuata katika uchambuzi wa sauti yalitoka katika wazo hilo.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, ufundi wa kuchelewesha sauti ulikwenda njia yake bila kuhitaji hesabu hizo. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, Mmisri aliyezaliwa mwaka 1921 na kufa mwaka 2017, alichukua mashine ya kunasa sauti kwenye waya akaenda kurekodi sherehe ya zari huko Kairo. Kisha, kwa vyombo vya kituo cha redio, alizitia sauti za wanawake wale katika mwangwi, akapunguza sauti za msingi, akabakiza zile za juu yake. Kazi hiyo yahesabiwa miongoni mwa za kwanza duniani za muziki uliotengenezwa kwa mashine za kunasa sauti, na ilitangulia kwa miaka minne kazi mashuhuri za Pierre Schaeffer za Paris mwaka 1948. Kwa wasomaji wa pwani yafaa kutaja kwamba zari si neno geni, kwani ibada za pepo zenye asili ya namna hiyo zajulikana tangu zamani Unguja. Basi, tangu mapema sana, ufundi huu ulikuwako Afrika, nao ulifanya kazi juu ya sauti za watu waliokuwa katika ibada yao.

Baada ya waya ulikuja utepe. Mashine ya utepe ina kichwa cha kunasa na kichwa cha kusomea, na utepe hupita mbele ya cha kwanza kabla haujafika cha pili. Ukienda sentimeta 19 kwa sekunde, na vichwa vikiwa mbali sentimeta 5, sauti hurudi baada ya robo ya sekunde hivi. Katika miaka ya 1950 mwangwi wa namna hiyo ulienea katika nyimbo za Marekani. Miaka hiyo hiyo ndiyo utangazaji ulipoanza Tanganyika: Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa chini ya serikali. Kwa miaka mingi kituo hicho kilikuwa mahali pakuu pa kurekodia bendi, ngoma na kwaya za nchi nzima, na tepe zake ni hazina ambayo wachunguzi wangali wakiitegemea. Utepe, kwa hali yake, ulifuata desturi ya jabali: ulichelewesha sauti nzima, haukuwa na uwezo wa kuitenga vipande.

Uwezo huo uliletwa na kompyuta. Mwaka 1965 J. W. Cooley na J. W. Tukey walichapisha njia ya kufanya hesabu za Fourier kwa haraka kubwa. Mwaka uliofuata J. L. Flanagan na R. M. Golden, wa maabara za Bell, walieleza chombo cha kuchambua usemi katika mikanda mingi na kuujenga upya. Shabaha yao ilikuwa simu, si muziki. Miaka 30 baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mpango wa VST, uliowezesha programu jalizi, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, kubadili sauti mara ile ile inapopigwa. Mwanzoni mwa karne ya 21 Native Instruments ya Berlin ikatoa programu iliyoitwa Spektral Delay, na baada yake zikafuata nyingine nyingi.

Kazi ya programu za namna hiyo yaweza kuelezwa kwa mfano wa pamba. Mwenye kuchambua pamba hutenga nyuzi na mbegu, akaweka kila kitu upande wake. Programu nayo huichambua sauti katika mikanda mamia kwa mamia, toka nene hata nyembamba, kisha huupa kila mkanda muda wake wa kungoja. Mkanda mmoja waweza kurudi mara moja, wa pili baada ya nusu sekunde, wa tatu baada ya sekunde mbili, na kila mmoja waweza kurudiwa mara nyingi au chache. Kwa hiyo neno mwangwi peke yake halitoshi kukitaja kitu hiki. Mwangwi hurudisha kilichosemwa. Chombo hiki hurudisha kilichosemwa baada ya kukigawa. Istilahi ya mwangwi uliochambuliwa yaweza kufaa, kwa kuwa yahifadhi neno la zamani na papo hapo yaonyesha tofauti.

Tofauti hiyo hudhihirika mara chombo kinapokutana na usemi. Katika neno la Kiswahili sisi, nguvu ya s hukaa zaidi juu ya hezi 4,000, lakini sehemu kubwa ya nguvu ya irabu i hukaa chini ya hapo. Mikanda ya juu ikicheleweshwa robo ya sekunde, msikilizaji husikia irabu zimetangulia zikiwa tupu, na mikwaruzo ikifuata nyuma, imeangukia silabi zisizo zake. Neno limekwisha, ingawa hakuna sauti hata moja iliyopotea.

Karatu na Ngorongoro ni nchi ambayo jambo hili lina uzito wa pekee. Katika eneo dogo husemwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Kidatoga na Kimasai, lugha za Kiniloti. Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Na kando ya Ziwa Eyasi Kihadza, ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha yoyote nyingine. Si ajabu kwamba W. H. Whiteley, aliyehariri pia jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alitoa maelezo mafupi juu ya Kiiraqw mwaka 1958, na kwamba Maarten Mous alichapisha sarufi kubwa ya lugha hiyo mwaka 1993.

Wairaqw wana utungo uitwao slufay, sala yenye umbo la kishairi isemwayo na mzee mbele ya watu, nao wakiitikia kwa pamoja. Jina lenyewe laanza kwa sauti ya mkwaruzo ipitayo pembeni mwa ulimi, ambayo nguvu yake iko katika mikanda ya juu. Katika mwangwi uliochambuliwa konsonanti hiyo yaweza kufika baada ya irabu iliyopaswa kuitangulia. Tena Kiiraqw hutumia kimo cha sauti katika sarufi, kwa mfano nomino inapofungamana na neno linaloifafanua. Sikio hukijua kimo kwa mapatano ya mikanda mingi iendayo pamoja. Mikanda ikitawanywa, vimo vya silabi kadhaa hulundikana, na alama ya sarufi hupotea.

Kihadza kina shida nyingine. Lugha hiyo ina vidoko, na mlipuko wa kidoko huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kompyuta haichambui sauti ya nukta moja, yahitaji kipande. Katika rekodi ipimwayo mara 44,100 kwa sekunde, kipande cha vipimo 1,024 huchukua sekunde 0.023, na hutoa mikanda ipishanayo kwa hezi 43. Kipande cha vipimo 4,096 hutoa mikanda myembamba zaidi, ipishanayo kwa hezi 11 hivi, lakini huchukua sekunde 0.093, na ndani ya muda huo kidoko huenea kama wino kwenye karatasi mbichi. Atakaye kujua kimo barabara hupoteza wakati, na atakaye wakati hupoteza kimo. Mtaka yote hukosa yote, na hapa si kwa pupa yake, bali kwa kanuni ya hesabu yenyewe.

Nyimbo za Wamasai, kwa upande wao, hustahimili zaidi. Kiongozi, aitwaye olaranyani, hutoa mstari, na kundi humwitikia kwa sauti za kifua zinazoshikiliwa na kurudiwa. Sehemu kubwa ya mwitikio huo haina maneno, na irabu ndefu ikigawanywa katika mikanda haivunjiki bali hupanuka, kama mvumo wa kengele. Kwamba sauti ya Kimasai yaweza kukaa katika muziki wa kompyuta bila kupoteza heshima, X Plastaz wa Arusha walikwisha kuonyesha katika albamu ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004. Lakini hata hapa mstari wa olaranyani ni maneno, na maneno yana watu, mifugo na mahali ndani yake.

Yaweza kusemwa kwamba sanaa ina haki ya kubadili inachokipokea, na mfano wa El-Dabh ni ushahidi. Hoja hiyo ni ya kweli. Zaidi ya hayo, programu jalizi haiigusi rekodi ya asili. Huibadili wakati wa kuipiga tu, na ikiondolewa, sauti ya kwanza yarudi kama ilivyokuwa. Hatari haimo katika chombo bali katika uhifadhi. Fundi akimaliza kazi hutoa faili moja lililochanganywa, na mara nyingi hilo ndilo linalosambazwa. Faili la asili likifutwa ili kupata nafasi, hakuna hesabu itakayoukusanya tena usemi uliotawanywa na kurudishwa juu yake mara nyingi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda pia sanaa za jadi, lakini sheria hulinda matumizi. Haiwezi kumrudishia mzee sala yake iliyovurugika.

Jambo hili si la nadharia tu. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, wakati Wamasai waliotoka Serengeti walipopewa nafasi ya kuishi humo pamoja na wanyama. Tangu Juni 2022 wakazi wengi wamehamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika uhamisho uliozua mabishano makubwa. Nyimbo zilizotungwa juu ya malisho fulani sasa zaimbwa mbali na malisho hayo, na watoto wanaozaliwa huko watazijua mahali pale kwa maneno tu. Rekodi iliyo safi, yenye jina la mwimbaji kwa ridhaa yake, mahali na tarehe, yaweza kuwa ndiyo itakayowafikisha.

Basi kanuni kwa mchunguzi na kwa fundi ni moja, nayo si ngumu: sauti inaswe kwanza bila kitu juu yake, ihifadhiwe mahali pawili, wenyewe wapewe nakala, na uchambuzi wa aina yoyote ufanywe juu ya nakala. Jabali lilirudisha neno zima kwa aliyelisema. Chombo kipya hakiwezi kufanya hivyo, na kwa hiyo kazi hiyo imewaangukia watu.