Kusimba, Kuficha, Kufumba: Kufuli la Gari la Gemu

Assetto Corsa, simuleta ya mbio za magari iliyotengenezwa Italia na kampuni ya Kunos Simulazioni, ilitoka rasmi Desemba 2014. Hadi leo ina wachezaji wengi, na sababu kubwa si magari iliyokuja nayo bali yale yaliyoongezwa na mashabiki, pamoja na barabara kama zile za juu za Tokyo zilizojengwa na kundi la Shutoko Revival Project. Nyongeza ya namna hiyo huitwa modi. Gari moja lililoundwa kwa uangalifu humla mtu jioni zake kwa miezi: anachonga bodi, anapima springi, anatafuta mlio wa injini unaofanana na wenyewe. Analitoa bure au kwa bei ndogo, na muda si muda analikuta linauzwa na mtu asiyemjua, jina lake limefutwa.

Hapo ndipo waundaji hukimbilia usimbaji fiche.

Istilahi hii imejengwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kusimba ni kuandika jambo kwa alama zilizokubaliwa, na ndiko ulikotoka msimbo, kama msimbo wa posta. Kusimba peke yake hakuna siri. Posta inapotumia tarakimu badala ya jina la mtaa haimfichi mtu, inarahisisha kazi. Siri inaletwa na fiche. Usimbaji fiche basi ni kuigeuza data isisomeke ila kwa mwenye ufunguo, na Google hulitumia neno hilo katika programu zake za Kiswahili. Wapo wanaolikata wakasema usimbaji tu. Wanakosea, na gari la Assetto Corsa linaonyesha kwa nini.

Kila gari lina folda yake. Ndani kuna faili la kn5, lenye umbo la pande tatu: bodi, viti, usukani, mpaka nati za rimu. Ukilifungua kwa programu ya maandishi utaona vurugu ya herufi, lakini faili hilo halina siri. Limesimbwa tu. Mpangilio wake unajulikana na programu za kulisoma zipo. Kando yake kuna data.acd, lililobeba tabia ya gari: nguvu ya injini, uzito, gia, tairi, breki. Hili ndilo lililosimbwa kwa fiche. Kisha kuna kijifaili kiitwacho ui_car.json chenye jina la gari, maelezo yake na jina la aliyeliunda, na hicho ni maandishi matupu. Mwizi wa kawaida wala hahitaji utaalamu. Anakifungua kwa Notepad, anafuta jina la mwenzake, anaandika lake, biashara inaanza.

Ufunguo wa data.acd uko wapi? Hukokotolewa kutokana na jina la folda. Badilisha herufi moja tu ya jina hilo, na gemu haiwezi tena kuisoma data. Ukilitazama haraka unaona ujanja mzuri, maana gari halibatizwi upya kirahisi. Ila jina la folda linaonekana na kila mtu. Ni mlango uliofungwa kwa kufuli, na ufunguo umetundikwa kwenye msumari kando yake. Anayeijua kanuni ya kukokotoa anafungua, anabadilisha anachotaka, anafunga tena kwa jina jipya.

Sisemi Kunos walikuwa wajinga. Katika mbio za mtandaoni seva hulilinganisha faili la data la gari lako na la kwake, ili usiingie na injini uliyoichakachua, na kwa kazi hiyo faili moja lililofungwa linafaa sana. Waundaji ndio waliolitarajia lifanye kazi nyingine.

Nao hata wakipewa kufuli bora, tatizo halitoki. Usimbaji fiche unafikiria watu watatu: anayetuma, anayepokea, na anayenyemelea katikati. Kwenye modi, anayepokea na anayenyemelea ni mtu mmoja. Kompyuta yake lazima ilifungue gari ndipo ilichore; kadi ya michoro hupokea umbo likiwa wazi, na namba za tairi hukaa wazi kwenye kumbukumbu ya kompyuta gari likiwa linakimbia. Anayetaka kuchota atachotea hapo. Ufunguo uwe wa biti 128 au 256, haubadilishi kitu.

Baadhi ya wanaouza modi siku hizi hulifunga hata umbo, gari likawa haliwaki bila Custom Shaders Patch, nyongeza maarufu ya gemu hiyo. Inamchelewesha mwizi, sikatai. Lakini gharama yake haisemwi vya kutosha. Mwundaji akichoka akaondoka, toleo jipya la nyongeza hiyo likaliharibu gari, hakuna fundi mwingine wa kulifungua alitengeneze, ilhali jamii hii imeishi kwa watu kutengenezeana. La pili linaniudhi zaidi: kufuli humfaa mwizi pia. Si siri kwamba magari mengi yanayozunguka kama modi yamechotwa umbo kutoka gemu za kampuni kubwa, Forza ikiwamo. Gari likiwa wazi, wajuzi wanaligundua kwa kutazama mishono ya umbo lake. Likifungwa, mchotaji anajiita mbunifu na anadai alindwe.

Kisheria kufuli dhaifu si bure. Mkataba wa hakimiliki wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na uvumbuzi, unazitaka nchi wanachama ziweke sheria dhidi ya kuvunja kinga ya kiteknolojia, na sheria ya Marekani iliyofuata 1998 inakuhesabu kuivunja kuwa kosa linalojitegemea. Hakimiliki yenyewe haisubiri usajili chini ya Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994. Lakini aliyeunda Ferrari ya gemu anasita kuvaa suti kwenda mahakamani. Umbo alilichonga mwenyewe, sawa. Yule farasi mweusi kwenye bodi si wake.

Kwa sababu hizo naona kazi hii ya kwenye modi tuiite kufumba. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo hutegwa mbele ya mtu ambaye tayari anacho kila kinachohitajika kulifumbua. Linamnyima muda tu. Usimbaji fiche tuuache kwa benki na ujumbe wa simu, ambako ufunguo haumfikii mnyemeleaji. Watu wa istilahi watasema hesabu ni ileile, kwa hiyo neno liwe moja. Hesabu ndiyo moja, ahadi ni mbili. Ukimwambia kijana aliyeunda gari kwamba limesimbwa kwa fiche, atalala akiamini lipo salama. Ukimwambia limefumbwa, atajua inabidi ajiwekee ushahidi.

Na ushahidi unapatikana. Waundaji wazoefu hutunza mafaili ya kazi yenye hatua zote, tangu mchoro wa kwanza, kwa kuwa mwizi huwa na gari lililokamilika tu. Wengine huficha alama ndani ya umbo, pembetatu isiyo na kazi chini ya kiti, mahali ambapo mpenda mkato hachunguzi. Alama hiyo haimzuii mtu kuiba, ila humkosesha jibu siku ya kuulizwa.

Nawe unayenunua, kabla hujalipa fungua ukurasa wa maelezo ya gari na utafute jina la aliyeliunda. Usipoliona, mwulize muuzaji ni nani aliyelichonga. Akijibu kwa hasira, pesa yako ibaki mfukoni.