Unachora kwa Rangi za Mafuta? Jua Tofauti ya Mafuta, Thina na Midiamu Kabla Hujaharibu Picha au Kuunguza Nyumba

Tarehe 23 Februari 1991, moto ulizuka ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani. Hakuna aliyewasha kiberiti. Chanzo kilikuwa matambara yaliyolowa mafuta ya mbegu za kitani, yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakishughulikia mbao za ukutani. Zimamoto watatu walipoteza maisha.

Mafuta hayo ya kitani, ambayo wengi huyaita linsidi, ndiyo yanayotumika sana kutengeneza rangi za mafuta za wasanii. Kwa hiyo kama unachora, au una kijana nyumbani anayejifunza, soma hadi mwisho.

Mafuta hukaukaje?

Maji hukauka kwa kuruka hewani. Mafuta ya kitani hayaruki. Yenyewe huvuta oksijeni kutoka hewani, kisha hugeuka taratibu kuwa ngozi ngumu inayoshika rangi. Kazi hiyo hutoa joto. Kwenye picha joto hilo hupotea bila wewe kujua. Lakini kwenye matambara yaliyokunjwa na kurundikwa, joto hukosa pa kutokea, huongezeka, na mwisho tambara huwaka lenyewe.

Mafuta yapi yanafaa?

Si kila mafuta hukauka. Ya kitani hukauka haraka na kuwa magumu, ila huelekea kuwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda. Ya mbegu za mpopi na ya saflawa hayageuki njano sana, ndiyo maana wengi huyapenda kwa rangi nyeupe na za bluu, lakini huchelewa kukauka.

Vipi mafuta ya kupikia? Achana nayo. Ya nazi, mawese na zeituni hayatakauka kamwe. Picha itabaki inanata na kukusanya vumbi.

Thina ni nini?

Thina ni kimiminika cha kulainisha rangi nzito na kusafishia brashi. Hii ndiyo huruka hewani. Mbili zinazojulikana zaidi ni tapentaini, inayotokana na utomvu wa misonobari, na waiti spiriti, inayotokana na petroli ghafi.

Usizidishe. Thina nyingi huyatawanya mafuta yanayoshika rangi, na picha ikikauka utaifuta kwa kidole kama chaki. Mafuta ya taa nayo si mbadala mzuri, kwani huruka polepole na huacha mabaki. Petroli usiithubutu kabisa. Na thina ya kupulizia rangi za magari ni kali mno kwa kazi hii.

Na midiamu?

Midiamu ni mchanganyiko unaoongeza kwenye rangi ili ifanye unavyotaka: iteleze, ing'ae, au ikauke mapema. Ya kawaida kabisa ni mafuta ya kitani na thina vikichanganywa. Weka kidogo tu. Midiamu ikizidi, rangi hukunjamana na kugeuka njano.

Kanuni moja ya kuzuia nyufa

Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi. Kwa nini? Lenye mafuta machache hukauka mapema na kuwa gumu. Lenye mengi huchelewa na hubaki na mnyumbuko. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu litakauka wakati la chini bado linacheza, na picha itapasuka.

Vilevile, usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye kitambaa kitupu. Mafuta hukiozesha. Tanguliza rangi ya msingi kwanza.

Jilinde wewe na familia

1. Fungua madirisha unapotumia thina. Mvuke wake huumiza kichwa, huleta kizunguzungu na hushika moto haraka.

2. Usichoree karibu na jiko au mshumaa.

3. Matambara yenye mafuta usiyakunje wala kuyatupa kwenye ndoo ya taka. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke na kuwa magumu, au yatumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

4. Thina chafu usiimwage kwenye sinki. Iache itulie kwenye chupa iliyofungwa. Uchafu utashuka chini, na ile safi ya juu utaitumia tena.

5. Usiweke thina kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaweza kuinywa.

Tyubu ya rangi si bei rahisi, na picha moja huchukua wiki kadhaa kumalizika. Lakini ukimaliza kuchora leo, kabla hujazima taa, hebu angalia kwanza: yale matambara umeyaweka wapi?