Nyumba ya Matanuru



Pembeni ya mji wa Oxford, Uingereza, iko nyumba ya matofali iitwayo The Kilns, yaani Matanuru. Ilijengwa mwaka 1922 mahali palipokuwa pakichomwa matofali. Mwaka 1930 akahamia humo C. S. Lewis, mwalimu wa chuo kikuu na msomi wa vitabu vya kale, mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemkana Mungu. Mwaka uliofuata, akikaa humo, alimwamini Yesu Kristo. Wakati wa vita, kuanzia 1941, alieleza imani yetu kwenye redio ya BBC, na malipo akaagiza wapewe wahitaji. (Sisi watu wa redio tusikie hilo.)

Lakini leo tunataka kusema habari za mke wake, Joy.

Mwanzoni mwa 1957 Joy alikuwa amelazwa hospitalini, kansa imekula mifupa yake, hata wa paja ukavunjika. Waganga hawakuwa na tumaini. Walikuwa wameandikishwa serikalini tu, kwa maana Joy alikuwa ameachana na mume wa kwanza, na askofu hakukubali ndoa ya kanisani. Lewis akamwita Peter Bide, mchungaji aliyewahi kuombea mtoto mahututi akapona. Tarehe 21 Machi Bide akamwekea Joy mikono, kama Yakobo 5 inavyotufundisha kuombea wagonjwa, na hapo hapo kitandani akawafungisha ndoa. Kisha Joy akaletwa Matanuru afie nyumbani.

Hakufa. Mifupa ikaanza kujijenga. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anatembea, na mwaka 1958 wakasafiri pamoja mpaka Ireland.

Mwishoni mwa 1959 kansa ikarudi. Joy alifariki tarehe 13 Julai 1960.

Wako wahubiri ambao wangesimulia mpaka kwenye kutembea, kisha wafunge Biblia. Mimi naona hiyo ni kumwibia Mungu, na ni kumwibia mjane pia. Miaka ile mitatu ilikuwa ya kweli, na kilio kilichofuata kilikuwa cha kweli. Lewis alikaa katika nyumba ile ile akaandika maswali makali aliyomwuliza Mungu. Kitabu hicho kilitoka 1961 chini ya jina lingine, kwa hiyo hata baadhi ya rafiki zake hawakujua kuwa ni chake. Hakuiacha imani. Yeye naye alifia humo tarehe 22 Novemba 1963.

Kaka yake Warren alipokufa mwaka 1973, nyumba ilipita mikononi mwa wengine na ikachakaa. Mwaka 1984 shirika la Wakristo wa Marekani, C. S. Lewis Foundation, liliinunua, na watu wa kujitolea wakaitengeneza kwa miaka mingi. Bwawa na msitu wa nyuma vimehifadhiwa. Wageni wanapokelewa, ila sharti waombe nafasi mapema, kwa kuwa ndani yake bado wanakaa watu waliokuja kusoma na kuandika.