Grisi iliyookoa meli Liemba

Mwaka 1997, wakimbizi wengi waliorudi Uvira kutoka Kigoma walivuka ziwa Tanganyika ndani ya meli Liemba. Meli hiyo ilikwisha kulala chini ya maji ya ziwa hilo hilo kwa miaka.

Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916, askari wa Wabelgiji wakikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Ila mafundi hawakuitupa tu: kwanza walizipaka injini grisi nzito, ili maji yasiguse chuma. Waliwaza kurudi kuichukua. Hawakurudi.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliitoa mwaka 1924, wakapangusa grisi, wakakuta injini na boila zingali zinafaa. Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Lakini mwili wa meli ni ule ule, na ndio uliowarudisha watu wetu nyumbani, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira.